Kisanduku Nyuma ya Runinga

Walikutana Mtoni, Dar, kwenye msongamano wa mafundi simu. Herieth alivaa gauni la kitenge cha zambarau, mkononi simu yenye kioo kilichopasuka.

"Sista, umeikanyaga au umempiga nayo mtu?" Edgar alimuuliza.

"Endelea kuuliza, utajua."

Kufikia mwezi wa tatu wa kujuana Edgar alishamwita mama watoto, na kila akifika kwa kina Herieth alimwinamia baba wa binti, Mwalimu Nikodemu, kwa shikamoo ndefu.

Edgar alikodisha anwani za intaneti kwa watu wa mbali waliotaka waonekane wako Dar.

"Za kwenye majengo ya kompyuta ni za bei rahisi, ila zinashtukiwa upesi," alimweleza. "Kuna za majumbani zinazohamahama, saa hii Mtoni, saa ijayo Wazo. Halafu kuna ya nyumba moja, haibadiliki, ya mteja mmoja. Hiyo inalipa."

"Na kwetu unaweka ipi?"

"Kwa mama watoto wangu? Naweka iliyo bora."

Edgar akafunga kisanduku nyuma ya runinga ya Mwalimu, cha kumpitisha mteja kwenye anwani ya nyumba ile, na Mwalimu akaambiwa kinaongeza kasi ya intaneti. Herieth aliusikia uongo ule, akanyamaza.

Polisi walikuja Jumapili, mzee amevaa suti ya kanisani. Mteja wa Edgar alikuwa amewaibia wajane akiba zao mtandaoni, na kwa kuwa anwani haikuwahi kubadilika, kila alama ilielekea mlango mmoja. Mwalimu akapelekwa mahabusu, gereza la Segerea.

"Njoo useme kisanduku ni chako," Herieth alimwambia kwenye simu.

"Mpenzi, nikisema naingia mie."

"Aliyeingia ni baba yangu, Edgar."

Simu ikakatika. Wiki tatu namba ya Edgar haikupatikana.

Alhamisi, Herieth akiwa getini Segerea na chupa ya uji, baba yake alitoka. Suti ilimpwaya kama ya kuazima.

"Yule kijana wako kajipeleka mwenyewe polisi, kakiri kisanduku ni chake," mzee alisema. "Tumepishana hapo ndani. Kaniamkia, kainama vilevile."

"Ukamwitikia?"

"Sikuweza."

Mzee akamshika mkono waondoke. Herieth akauchomoa taratibu, akarudi na uji wake kwenye dirisha la kupokelea chakula cha mahabusu.

"Unamletea nani?" askari aliuliza.

"Edgar. Kaletwa leo."

"Wewe nani wake?"

Nyuma yake alisikia viatu vya baba vikisimama.

"Andika mchumba."

Viatu vikaanza tena kutembea, kuelekea barabarani, na havikumngoja.