Sauti ya Nne

Cherehani ilianza kushona yenyewe saa nane mchana, fundi akiwa amesimama mlangoni anakunja magauni ya wateja. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na hapakuwa na mguu wa mtu kwenye pedeli.

Hakupiga kelele. Mwaka wa tisa sasa anaishi na ugonjwa wa akili, na sauti zake tatu alizijua kama mtu anavyowajua majirani wakorofi. Dawa alikuwa amemeza asubuhi. Isitoshe, sauti zake hazikuwahi kunuka. Hii ya cherehani ilinuka nywele zilizoungua.

"Wifi, humu ndani mna kitu," alimwambia dada wa mumewe, aliyekuja tangu juzi eti kumsaidia.

"Umeacha dawa wewe."

"Sijaacha. Hebu sikiliza."

"Nisikilize nini? Leo hii naondoka na mtoto. Mtoto halelewi na mwendawazimu!"

Wifi akaingia chumbani kufungasha nguo. Fundi akamfuata. Bintiye wa miaka sita alikuwa amejikunyata kando ya kitanda.

"Mama," akanong'ona, "mbona unaniita kutoka kabatini, na wewe uko hapa?"

Fundi akaligeukia kabati. Na kweli, kabatini ikatoka sauti yake mwenyewe, ile laini anayombembelezea mwanawe homa ikimpanda, ikisema njoo mwanangu, njoo kwa mama, na mlango wa kabati ukafunguka taratibu, na harufu ya nywele ikajaa chumba kizima hadi macho yakawawasha, na mtoto, huku analia, akaanza kutambaa kuelekea kule kama anayevutwa kwa kamba, na wifi kasimama na sanduku mkononi, mdomo wazi.

Fundi akamnyakua mwanawe, akalivaa kabati.

"Sauti ndiyo ya kunitishia mimi? Miaka tisa nalala nazo, naamka nazo, napika nazo, na mtoto namlea! Dawa nimemeza, na maneno ya ukoo huu nimeyameza pamoja nazo. Leo wewe mgeni uje uniibie mwanangu kwa sauti yangu? Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Kitu kikapita kati yao, cha moto kama pumzi ya tanuri, kikachana pazia, kikatoka nje kupitia dirishani. Cherehani ikanyamaza.

Wifi alikuwa chini sakafuni, jasho linamchuruzika.

"Nimeisikia," akanong'ona. "Hata mimi imeniita, kwa jina. Wifi yangu, nakuomba, usimwambie mtu. Watasema mimi..."

Fundi akamsogelea, mtoto begani.

"Watasema wewe nini? Malizia."