Dirisha la Chumba cha Chini

"Samahani, kaka, chakula changu kina homa?"

Foleni nzima ikageuka. Ilikuwa Ijumaa ya kuuza pyrohy, mchana ambao nusu ya jiji la Edmonton, Kanada, hushuka kwenye ukumbi wa kanisa la Waukraine kula viazi na jibini vilivyofungwa ndani ya unga, vikachemshwa na kumwagiwa vitunguu vya siagi. Larysa Hawryluk alikuwa nyuma ya meza akipakua, aproni nyeupe juu ya gauni la buluu, nywele kazifunga kitambaa chekundu cha mama yake. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi ya kondoo. Alikuwa amechomeka kipima joto kwenye sahani yake, bila haya.

Alipogundua anatazamwa, masikio yalimwiva.

"Mazoea tu, dada. Mimi ni mkaguzi wa afya. Leo sipo kazini."

"Wewe hupo kazini, lakini kifaa chako kipo."

Wanawake wa jikoni wakaangua kicheko.

"Haya, kinasemaje?"

"Chakula kiko moto. Safi kabisa."

"Basi kula, bwana mkaguzi, kabla hakijapoa ukatufungia kanisa."

Akala. Akarudi kuongeza, akarudi tena. Mara ya tatu hakuja na sahani, alikuja na simu yake mkononi na kuomba namba. Jina lake Luc Desjarlais. Larysa alimwambia wakaguzi hawapewi namba bila kibali, kisha akamwandikia namba yenyewe nyuma ya kiganja, kwa kalamu ya kuandikia bei.

Vuli ile walipigiana simu kama watu wasio na kazi nyingine.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Jikoni."

"Friji yako ina baridi ya kutosha?"

"Njoo upime."

"Huo ni mwaliko?"

"Huo ni uchokozi, Luc. Lakini njoo."

Mara moja tu alizungumza bila mzaha. Alimweleza Larysa kwamba alipokuwa mgeni kazini aliona chumba cha chini ya nyumba kilichokuwa na dirisha dogo mno. Mwenye nyumba akambembeleza ampe muda kidogo, naye akampa. Moto ukawahi. Mle ndani alikuwa analala msichana wa chuo.

"Tangu hapo," alisema, "nikiliona dirisha, naliona. Siwezi kufunga macho."

"Pole, mpenzi wangu," Larysa akasema, na alimaanisha. Lakini hakufikiria nyumba yao. Nani hufikiria nyumba yao?

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, vyumba viwili juu, na chini ya ardhi kulikuwa na chumba cha mpangaji. Juu walikaa Larysa na mama yake, Stefania, mjane. Chini alikaa Mzee Prokip, fundi wa reli aliyestaafu, mwenye mabega mapana kama kabati. Aliingia baada ya mazishi ya baba yake Larysa, akisema anakaa mpaka baridi iishe. Baridi nyingi zilipita na Larysa akazoea kumwita Mjomba. Kila asubuhi Prokip aligonga bomba la hewa ya moto kutoka chini. Stefania, juu jikoni, alijibu kwa kijiko: chai tayari. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema lolote, na Larysa hakuuliza. Mama akiwa anajipaka wanja ili kunywa chai, mtoto mwenye akili hutazama pembeni.

Mkesha wa Krismasi, ile ya Januari ya kalenda ya zamani ya Waukraine, Luc alialikwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Nyota ya kwanza ilipoonekana juu ya paa la jirani wakakaa mezani, nyasi kavu chini ya kitambaa, sahani moja ya ziada kwa ajili ya marehemu, na vyakula kumi na viwili visivyo na nyama. Prokip alivaa suti yake ya kanisani. Kila Luc alipopumzika, mzee alimsukumia bakuli.

"Kula, kijana. Mwanamume wa kuoa hapumziki kwenye sahani ya tatu."

"Mjomba!" Larysa akamfinya.

"Nimesema jina la mtu?"

Walipofika sahani ya saba, Stefania aligundua uyoga wa siki umebaki chini, kwenye rafu iliyo karibu na kitanda cha Prokip. Larysa akainuka. Mama yake akamshika mkono.

"Kaa. Aende Luc."

Prokip akaweka kijiko chini. Katika nyumba ile, tangu enzi za bibi yake Larysa, mgeni hateremki chini. Chini ndiko kunakokaa akiba ya baridi, na mgeni haonyeshwi akiba. Anayetumwa chini ni wa nyumbani. Baba yake Larysa mwenyewe alichumbia mwaka mzima kabla hajatumwa kuleta kabichi.

"Mgeni hateremki," Stefania alimwambia Luc. "Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Mama," Luc akasema.

Alishuka. Alikawia kidogo. Alirudi na chupa ya uyoga, akaiweka mezani, akaketi. Larysa aliona amenyamaza akadhani ni furaha. Akamkanyaga mguu chini ya meza. Luc akatabasamu, akala mpaka sahani ya kumi na mbili.

Wiki iliyofuata alibisha hodi mkaguzi mwingine, mwanamke mwenye buti za theluji na utepe wa kupimia. Alijitambulisha kuwa anatoka ofisi ya afya.

"Kumbe mwenzake Luc!" Stefania akafungua mlango wote. "Ingia, mwanangu, viatu acha hapo. Chai au kahawa?"

Larysa aliporudi kutoka kazini alikuta amri imebandikwa mlangoni. Dirisha la chumba cha chini halitoshi mtu kutokea moto ukizuka. King'ora cha moshi hakuna. Asilale mtu humo. Mama yake alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha yule mgeni bado mbele yake.

Alipiga simu akiwa hajavua koti.

"Luc. Ni wewe?"

"Ni mimi niliyeripoti. Nilimwambia bosi aende mtu mwingine."

"Njoo hapa uongee na Mama."

"Larysa, siruhusiwi. Mkikata rufaa, ninyi ni upande wa pili na mimi ni shahidi. Hata simu hii..."

"Hata simu hii nini? Juzi nilikuwa kipenzi, leo ni upande wa pili?"

"Nisikilize..."

"Endelea kutoruhusiwa," Larysa akasema, akakata.

King'ora cha moshi alikinunua jioni ile ile. Dirisha lilikuwa jambo lingine. Kulipanua lazima uchimbe nje, ukate ukuta wa msingi, na ardhi ya Edmonton mwezi Januari ni chuma. Hakuna fundi anayekubali kuigusa mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo Larysa akakata rufaa kwa jina la mama yake, akaomba jambo moja tu: Prokip aendelee kulala chumbani kwake mpaka ardhi ilainike. Akaomba pia amri isimamishwe wakati wakisubiri. Mwenyekiti wa baraza la rufaa aliwasikiliza pande zote mbili kwa simu, akakataa. Amri ingeendelea kutumika mpaka siku ya kusikilizwa.

Wakamlaza Prokip kwenye kochi la juu. Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, mama mmoja wa kwaya akamuuliza Stefania kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Shoga, mmefunga ndoa lini, hata keki hatujaonja?"

Watu wakacheka. Prokip alikuwa nyuma yao. Kesho yake aliinua begi lake, akahamia kwenye jengo la wazee la ghorofa nyingi upande wa pili wa mto.

"Kwa muda tu," alimwambia Stefania. "Mpaka mtoto ashinde kesi."

Kesi ilisikilizwa Februari, chumba cha mikutano chenye zulia la kijivu. Wajumbe watatu: daktari, mkulima mstaafu, na mwenyekiti, mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi. Larysa alivaa suti nyeusi aliyonunua kwa mahojiano ya kazi. Prokip alikaa nyuma na Stefania, kiti kimoja kikiwa wazi katikati yao.

"Bi. Hawryluk, huna wakili, usiogope," mwenyekiti alisema. "Hatukuja kuhukumu nani mwema nani mbaya. Tunaitazama amri upya. Tunaweza kuithibitisha, kuibadilisha au kuifuta. Utauliza mashahidi, nao watajibu kwa kiapo."

Luc akaapa. Alikuwa amekonda, shati ni lile lile jeupe. Larysa alishika ukingo wa meza.

"Bwana Desjarlais, siku ile uliingia kwetu kama nani?"

Wakili wa ofisi ya afya akainua kichwa.

"Kama mgeni," Luc akasema.

"Nani alikutuma chini?"

"Mama yako."

"Alikwambia nini kabla hujashuka?"

Luc angeweza kusema hakumbuki. "Alisema mgeni hateremki."

"Kwa hiyo ulishuka kama nani?"

"Kama mtu wa nyumbani."

Wakili akaandika kitu kwa hasira. Larysa alijua hoja yake imeshaingia, kwamba aliyeliona dirisha hakuwa kazini, na hapo ndipo pa kukaa chini. Hakukaa.

"Ulipoliona dirisha tulikuwa sahani ya ngapi?"

"Ya saba."

"Ukarudi mezani ukala ngapi?"

"Tano."

"Bi. Hawryluk," mwenyekiti alisema polepole, "swali hilo halihusiani na rufaa."

"Najua, mheshimiwa. Linanihusu mimi."

Mkulima mstaafu alikohoa. Daktari akavua miwani, akasema:

"Mimi nina swali dogo. Namna dirisha lilivyogunduliwa, hilo ni la ofisi ya afya kujieleza kwingine. Leo bado ni lile lile. Moto ukianzia kwenye ngazi, Mzee Prokip anaweza kutoka?"

"Kichwa kinapita," Luc akasema. "Mabega hayapiti."

"Na wewe, Bi. Hawryluk? Unatuambia anaweza?"

Larysa aligeuka. Prokip alikuwa amevaa suti ya kanisani, mishono ya mabegani imekazika. Alimtazama Larysa kama mtu anayesubiri basi lake. Neno moja tu. Nani angempinga? Nani angemleta mzee pale dirishani kumpima?

Stefania aliinamisha kichwa.

"Hapana," Larysa akasema. "Hawezi."

Luc alimsubiri karibu na lifti.

"Sasa shauri limekwisha, naweza kuongea. Larysa, ulikuwa unacheka. Mama yako alikuwa ametoka kuniita mwanangu. Nilishindwa kuwaharibia sikukuu."

"Ukaiacha ofisi ituharibie."

"Ningefanyaje? Yule msichana..."

"Namjua yule msichana! Ulinieleza, nikakupa pole." Alibonyeza kitufe cha lifti, akakibonyeza tena. "Sikulaumu kwa kuliona dirisha, Luc. Ungeninong'oneza pale pale, ningemhamisha Mjomba mimi mwenyewe, kwa upole, chumba changu angepewa yeye na mimi ningelala kochini. Angesema mtoto kanihamisha. Sasa anasema serikali imenifukuza na kanisa limenicheka. Wewe ulinyamaza ukaomba uongezewe juisi."

"Nakupenda."

"Najua," Larysa akasema. Lifti ikafunguka, akaingia peke yake.

Uamuzi ulifika kwa posta. Amri imethibitishwa, na kipengele kimoja kimebadilishwa: mwenye nyumba apewe muda mpaka ardhi ichimbike. Ila mpaka hapo asilale mtu. Larysa aliusoma wote akitafuta mahali pa kukasirikia. Hakupaona.

Chumba cha Prokip ghorofani kilikuwa na dirisha kubwa, lakini lilikuwa limefungwa lisifunguke zaidi ya upana wa kiganja, wazee wasianguke. Stefania alimpelekea supu kila Jumamosi. Nyumbani, asubuhi, alijisahau akagonga bomba kwa kijiko, kisha akajifanya anakung'uta kijiko.

Prokip alifariki Aprili, usingizini, theluji ikianza kuyeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa. Walimzika kwa suti ile ile.

Mei, Luc alikuja na gari la mizigo, majembe na fundi wa kukata saruji. Hakubisha hodi. Alichimba siku nzima kando ya ukuta, mgongo umelowa. Larysa hakumfukuza, na hakumkaribisha. Fundi alikata ukuta, wakatia dirisha jipya, pana, linalofunguka lote. Kwa mara ya kwanza jua la jioni lilifika mpaka kwenye kitanda, ambacho kilikuwa na godoro tupu.

Stefania alishuka. Alikuwa amejifunga kile kitambaa chekundu, cha sikukuu. Alilifungua dirisha, akapanda juu ya kigoda, akatoa kichwa nje, kisha bega moja, kisha la pili. Akabaki hivyo, nusu ya mwili kwenye nyasi, akiangalia buti za Luc.

"Yanapita," alisema. Akarudi ndani.

Luc alisimama na jembe lake. Mikono ilikuwa imejaa udongo mpaka viwiko.

"Larysa, naomba niingie ninawe."

Larysa alikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Alimtazama sana, kama mtu anayekariri kitu asije akakisahau.

"Bomba liko nje," alisema. "Upande wa kushoto."

Maji yalimwagika muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Kisha yakafungwa, na gari likawashwa, likaondoka.