Vichupa Sita vya Yudesi

Tabibu Zedekiah aligeuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani, mwanga ukaingia, akahesabu tena. Ilikuwa Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi, katika zahanati ndogo ya binafsi mjini Bwera. Chembe nyekundu za damu zilikuwa chache na kubwa, zimevimba kama mayai. Chembe nyeupe, ambazo kiini chake hugawanyika mapande matatu au manne, hapa zilikuwa na sita. Ndivyo zilivyokuwa wiki mbili nyuma, alipogundua kwamba tumbo la mama Yudesi limeacha kuchukua vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Tangu siku hiyo mama huyo alikuwa amechomwa sindano sita. Siku ile kiwango chake cha damu kilikuwa sita nukta nane. Leo ni sita na nusu.

Akainua kichwa. Dawa haikuingia katika damu hii.

Yudesi alikuwa kwenye benchi la veranda pamoja na Phionah, mke wa mwanawe, aliyemleta kutoka Kyarumba na ndiye aliyetumwa dukani kununua dawa. Sandali moja ya Yudesi ilikuwa imemtoka njiani, wala hakuhisi. Pembeni yao alikaa mzee Semu wa Karambi, fimbo mapajani, akimngojea binti yake, muuguzi Kemigisha. Alikuwa amekaa hapo kila siku ya sindano.

"Ni yule Mukongomani," Kemigisha alisema alipoonyeshwa karatasi ya vipimo. "Ametuuzia maji."

Zedekiah alitoka. Saa tano alikuwa dukani kwa Gracien, mtu wa Butembo, Kongo, aliyeuza dawa karibu na mpaka wa Mpondwe.

"Siku ile nilikuwa na sita tu, musawo, mpaka ya Mpondwe ilikuwa ya kufunga. Mupya imefika jana." Gracien akaweka boksi mezani. Dawa ndani ya vichupa ilikuwa nyekundu kama divai ya kanisani. "Ingekuwa ya uongo, ningekuwa nimekimbia. Lakini nikimbie na batoto saba?"

Zedekiah alirudi na boksi hilo. Akachuchumaa mbele ya Yudesi.

"Mama, dawa waliyokuchoma ilikuwa na rangi gani?"

"Rangi gani? Maji tu, kama ya mvua."

"Mara zote?"

"Mara zote sita. Ni miguu inakufa, musawo. Macho bado iko."

Kemigisha alikuwa amesimama mlangoni. "Basi ni huyu aliyevibeba," alisema, akimnyooshea Phionah kidole. "Ameuza nyekundu njiani, akaniletea maji."

"Mimi?" Phionah aliinuka. "Nimuue mama anayenilelea watoto? Nilikupa mkononi, nyekundu. Ukasema inapendeza!"

"Nani aliona?"

Yudesi alisogea kidogo kwenye benchi, mbali na mke wa mwanawe. Phionah aliona.

Zedekiah aliingia chumba cha sindano, akavaa glavu, akafungua boksi la sindano zilizotumika. Akachambua taratibu kwa koleo. Ilimchukua dakika ishirini. Akapanga juu ya sinia vichupa sita vilivyokatwa shingo. Ndani ya kila kimoja palikuwa na tone jekundu lililokauka.

Alimwita Kemigisha, akafunga mlango.

"Phionah alileta dawa nyekundu," alisema kwa sauti ya chini. "Ilifunguliwa humu ndani. Yudesi alipata maji. Sasa niambie, siku zote sita, nani mwingine alikuwa hapa?"

Kemigisha alitazama sinia. Kisha akatazama dirisha la veranda, akakaa.

"Nilikusikia nyuma ya pazia," alisema. "Ulimweleza Yudesi kwamba ganzi inaanza vidoleni, na mtu akifumba macho anayumba. Baba anayumba, Zedekiah. Kila ulichosema kilikuwa cha baba. Na vichupa vilikuwa sita."

"Ungeniambia. Tungewapa tatu tatu mpaka mzigo mwingine uje."

"Ungesema apimwe kwanza."

"Ndiyo. Ningesema apimwe kwanza." Akageukia sinia. "Yudesi ulimchoma nini?"

"Maji ya kuchanganyia dawa. Hayana madhara."

"Hayana madhara," Zedekiah alirudia. "Na mzee, amepata nafuu?"

"Miguu ni ile ile. Anakunywa maji sana, usiku anatoka kukojoa mara sita, saba."

Zedekiah alivua glavu. Hasira ilikuwepo, lakini aliiweka kando.

"Kama alikuwa na ugonjwa huu, sindano zako zimeshafuta alama zake katika damu. Kama hakuwa nao, damu yake ilikuwa safi tangu mwanzo. Nikiangalia leo nitaona kitu kimoja tu. Hatutajua. Lakini sukari pia inaua miguu. Kesho aje kabla ya kula chochote, nimpime."

Kemigisha alianza kulia bila sauti.

"Mwanangu," Semu aliita kutoka nje. "Umemaliza? Twende?"

"Bado, baba."

Saa kumi Zedekiah alivunja kichupa mbele ya macho ya Yudesi, akamwonyesha wekundu wake, akamchoma.

"Mama, Phionah hakuiba kitu," alisema.

Yudesi aliinamisha macho. Phionah alikuwa amepiga magoti, akimvalisha sandali aliyoivua mguuni pake mwenyewe.

Zedekiah alichukua kijiti cha ufagio, akapanda nacho mguuni mwa Yudesi kutoka vidoleni. "Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Bado."

Wiki mbili nyuma Yudesi alisikia kijiti kwenye kifundo cha mguu. Leo alishtuka upana wa vidole vinne juu yake.

"Miguu itarudi?"

"Damu itarudi. Miguu sijui, mama. Ganzi ikikaa sana, nyingine haiondoki."

Ripoti ya kumpelekea mkuu wa zahanati ilikuwa mezani, jina la Kemigisha limeandikwa, mengine bado. Zedekiah alichukua kalamu ileile aliyoanza kuiandikia, akachora mstari mguuni pale Yudesi aliposhtuka.

"Leo usiuoshe," alisema. "Kesho, sindano ya pili, tutaanzia hapo."