Tulitazama Maua

Uvumi ulimfikia fundi cherehani akiwa ameinamisha kichwa, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Msusi alizungumza huku kitana kikiwa mdomoni.

"Chuo kile cha ukuta wa kijani, nasikia hadubini zao zinakaa kabatini na kufuli juu. Zinatolewa siku ya wakaguzi, zinafutwa vumbi, zinarudishwa."

"We! Nani kakwambia?"

"Binti wa dada yangu yuko huko mwaka wa pili. Hajawahi kugusa hata moja. Mimi siongezi chumvi, mwenzangu. Geuza kichwa."

Fundi aligeuza kichwa, lakini neno lile lilikuwa limeshamganda. Alirudi nalo chumbani mwake mwa kushonea, akakaa nalo kwenye cherehani. Kila alipokanyaga pedeli alilisikia: kabatini, kabatini, kabatini. Chuo hicho ndicho alichokuwa amekichagua moyoni kwa ajili ya Kidoti.

Kidoti alikuwa binti yake mkubwa, mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina hilo, na ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Alipokuwa mdogo aliwahi kuugua homa kali. Mpimaji wa hospitali alimwinua, akamwonyesha damu yake mwenyewe kwenye hadubini, kile chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Tangu siku hiyo, ukimuuliza atakuwa nani, alijibu kabla hujamaliza swali: mtu wa maabara.

"Mama, tukienda chuoni nitauliza habari za hadubini," alisema Kidoti.

"Utauliza ukiulizwa," alijibu mama yake. "Kule tunaenda ugenini."

Katika nyumba yao ugeni ulikuwa na sheria zake. Mgeni hafungui mlango uliofungwa. Mgeni haulizi kuna nini chunguni. Akipewa, anashukuru, akionyeshwa, anasifu. Fundi aliwalea wanawe hivyo, na watu wa mtaani walimsifia kwa hilo.

Wakachagua Jumamosi, maana siku za kazi fundi alikuwa na sare za shule za kushona. Walivaa nguo zao za sherehe. Getini walipokelewa na mwanamke aliyenukia marashi, ambaye kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Akawakalisha kwenye viti laini, akawaletea maji baridi. Kisha akawapitisha kwenye bustani ya maua mekundu na manjano, yamepangwa mistari kama kitambaa cha maua. Fundi alisimama akayatazama mpaka akasahau kilichomleta.

"Na wanafunzi wako wapi?" Kidoti aliuliza.

"Leo Jumamosi, wamepumzika," mwanamke yule alisema akitabasamu. "Maabara ile pale. Ufunguo anao mkuu, lakini dirishani panaonekana."

Kidoti aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Aliona meza tupu na kabati refu. "Samahani, dada," alianza, "hadubini ziko…"

Fundi alimfinya mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Kidoti akameza swali lake.

"Pazuri sana," fundi alisema. "Ahsanteni kwa ukarimu."

Jumatano iliyofuata, wakitoka kupeleka sare, walipitia chuo cha pili. Hakuna aliyewapokea. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka na ukumbi ulinuka spiriti. Msichana mmoja, koti lake jeupe limejaa madoa ya zambarau ya dawa za maabara, alikuwa akipita haraka na kibeseni.

"Mnamtafuta nani, mama? Njooni muone, leo tunapimana damu wenyewe kwa wenyewe. Yule mrefu pale ameshazimia!"

Kidoti alicheka, akatanguliza mguu mlangoni.

"Rudi," mama yake akamshika mkono wa blauzi. "Hatuingii kwa watu bila kukaribishwa."

"Mama, si nimewakaribisha mimi?" aliuliza yule msichana wa kibeseni.

"Wewe ni mtoto, mwanangu. Aliye mkubwa yuko wapi?"

Mkubwa alikuwa darasani anafundisha. Fundi alisubiri kidogo, hakuna aliyemletea kiti, akaondoka na hasira za mtu aliyedharauliwa.

Jioni baba yake Kidoti, dereva wa lori aliyekuwa safarini, alipiga simu. Fundi alimsimulia yote, viti na maua na maji baridi.

"Sasa mke wangu," alisema yule bwana, "mlikwenda kutafuta chuo au kuposa?"

"Wewe endesha lori lako."

"Naendesha. Lakini hizo hadubini, mmeziona?"

Fundi akasingizia kwamba mtandao unakatika. Kidoti, aliyekuwa akikunja sare, alisema polepole, "Mama, mimi sikuziona."

"Utaziona ukishaanza. Wale ni watu wenye heshima zao."

Kidoti hakubishana. Alikuwa amelelewa vizuri mno.

Akaingia chuo cha ukuta wa kijani. Kila likizo alirudi na nguo chafu, na fundi alimfulia. Koti la maabara ndilo lililomtia hofu. Lilirudi jeupe vilevile, bila doa, pindo za mikono hazijachakaa, mikunjo ya pasi aliyoipiga yeye mwenyewe ingalipo. Fundi alijua nguo iliyofanya kazi inavyokuwa. Alilishika koti lile kwenye karai akasikia ile sauti ya pedeli: kabatini, kabatini. Akalianika, asiseme neno. Na Kidoti naye, aliyekuwa zamani akizungumza hadi anapaliwa na chakula, sasa alikula kimya.

"Masomo vipi?"

"Tunaandika sana, mama."

Mwaka wa pili ulipokwisha, wanafunzi walipelekwa hospitalini kufanya kazi chini ya uangalizi. Siku ya kwanza fundi alimsindikiza bintiye, akakaa kwenye benchi la nje ya maabara, futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni. Mkuu wa maabara alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, binti. Hii ni damu ya yule mtoto aliyelala pale kwa homa. Iweke kwenye hadubini, itafute, uniambie unaona nini."

Kidoti aliiweka slaidi, kile kipande chembamba cha kioo chenye tone la damu. Akazungusha kirungu cha pembeni. Akazungusha tena. Hakuona kitu ila weupe, akazidi kuzungusha kule kule. Ikasikika *ka!* ndogo. Lenzi ilikuwa imeshuka ikakipasua kioo na tone lake.

Hakuna aliyempigia kelele. Muuguzi aliingia akachukua sindano nyingine, akaenda kumtoboa tena yule mtoto, ambaye alikuwa ndio kwanza amenyamaza. Kilio chake kilijaa ukumbi mzima. Fundi aliinuka kwenye benchi, akakaa, akainuka tena.

Mkuu wa maabara alimvuta Kidoti mpaka mlangoni.

"Umeitumia hadubini mara ngapi, binti yangu?"

"Leo."

"Leo ni mara ya ngapi?"

"Ndiyo ya kwanza, mama."

Mama yule alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Siwezi kukuachia wagonjwa. Sikufukuzi kwa chuki. Lakini jibu lako ukikosea, mtu anapewa dawa isiyo yake." Akamgeukia fundi. "Mlipokwenda kukitazama chuo kile, mlitazama nini?"

Fundi alimtazama bintiye.

"Maua," alisema Kidoti. "Tulitazama maua."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira.

"Mama, naona futi shingoni," mkuu wa maabara alisema. "Wewe fundi?"

"Ndiyo."

"Ukiletewa gauni ulikague, unaanza kutazama wapi?"

"Ndani," fundi alinong'ona. "Naligeuza, natazama mishono."

"Na mwenye gauni anakuona huna adabu?"

Fundi alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye futi.

"Basi chuo nacho kinageuzwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Anayemtakia mwanao mema atafurahi ukimuuliza, na asiyetaka kuulizwa ameshakujibu. Nendeni chuo kile kibovu cha rangi iliyobanduka. Vijana wake huja hapa wanajua kazi. Sijui kama watampokea, lakini nendeni siku ya masomo, na umwache azungumze mwenyewe."

Walikwenda kesho yake. Safari hii fundi alikaa chini kwenye ngazi, mikono mapajani, asitie neno. Kidoti aliingia darasani, akauliza wanafunzi, akaomba kugusa hadubini, akaonyeshwa kirungu kinazungushwa upande gani. Alitoka na doa la zambarau kwenye kidole gumba.

"Wamesemaje?"

"Miaka miwili niliyosoma hawaihesabu. Nianze mwanzo. Na mwaka huu pamejaa, nisubiri mwakani. Jina langu ni la mwisho."

"Watakupokea, lakini?"

"Wamesema watanipokea."

Wasichana aliomaliza nao shule walikuwa wanakaribia kuhitimu. Kidoti alikuwa hajaanza. Mama na binti walitembea hadi nyumbani, na jioni fundi akakaa kwenye cherehani akashona vifungo. Kidoti alikuwa amekaa karibu na taa, anakitazama kidole chake.

"Mama," alisema, "siku ile uliponifinya, nilikuwa nauliza tu ziko wapi."

"Najua, mwanangu. Ningekuacha uulize kwa sauti."

Wewe unayesoma haya, ipo siku nawe utakwenda kutazama chuo. Mwonyeshe na mzazi wako haya ya kuepuka:

Usiende siku isiyo na masomo.

Usiridhike na dirisha. Mlango ukiwa umefungwa, omba ufunguliwe. Usipofunguliwa, rudi siku nyingine kabla hujaamua.

Usiondoke kabla hujazungumza na mwanafunzi uliyemtafuta mwenyewe, si yule uliyeletewa.

Usikasirike kwa kukosa kiti.

Uvumi usiufiche moyoni wala usiuamini hivi hivi. Nenda ukaulizie pale pale unapohusika.

Mzazi, usimjibie mtoto. Usimfinye.

Koti likirudi safi kila likizo, usilianike ukanyamaza.

Usitazame maua.