Mataruma Mawili ya Omo

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, saa mbili kasoro robo asubuhi, manyunyu yakipiga mabati ya karakana ya mashua, Chiriku alikabidhiwa nyundo ndogo na kipande cha chaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko likizo, na jina hilo la ndege alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mashua ya kuvushia abiria mtoni ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo. Sakafu yake iliyooza ilikwisha kung'olewa, ikabaki mifupa: mataruma, mbavu za mti zinazobeba sakafu. Baba yake alikuwa fundi mkuu. Mjomba wake ndiye aliyekagua mbao kwa miaka ishirini. Kila taruma aliligonga, akatega sikio. Mti mzima hujibu, uliooza hunyamaza. Lililojibu alilichora duara likabaki, lililonyamaza alilichora msalaba likang'olewa, na jipya likawekwa mahali pake.

Kule omo, ncha ya mbele, palikuwa pembamba mno.

"Tumbo hili likiingia humo, mtalazimika kuipasua mashua kunitoa," mjomba alitania. "Ingia wewe, mpwa wangu. Yamebaki matatu. Usichore kabla hujasikia."

Mle ndani tope lilinuka, na nje wenzake walikuwa wakimwita mpirani. Chiriku aliligonga taruma la karibu mara tatu, ili asikike anafanya kazi, kisha akanyoosha mkono na kuchora maduara matatu. Mjomba alipomwuliza kama yote yamejibu, alisema yote, akakimbia zake.

Wiki mbili baadaye sakafu mpya iling'aa. Mwenye mashua alikuja kuijaribu, akakanyaga omo, na mbao zikazama chini ya uzito wake. Mguu ulipita hadi gotini, mfupa ukavunjika. Alipokwisha kupelekwa hospitali, baba aliifunua sakafu, akakuta mataruma mawili yamekuwa unga mtupu, na juu ya kila moja duara jeupe. Akauliza mbele ya mafundi wote ni nani aliyechora.

Mjomba alimtazama Chiriku. Alimtazama kwa muda wa kumtosha mtu kusema neno. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Chaki ilikuwa yangu, shemeji," mjomba akasema.

"Basi chukua randa yako uende."

Siku tisa zilipita. Nyumbani mama alimpakulia baba chakula bila kumsemesha, kwani aliyefukuzwa ni kaka yake wa tumbo moja. Bombani watu walimwita mjomba Fundi Duara, wakacheka, na kila karakana aliyobisha hodi ilimjibu kuwa kazi hakuna. Chiriku, aliyekuwa hanyamazi, alinyamaza.

Siku ya kumi alimwambia baba yake kila kitu. Baba hakumpiga wala hakufoka. Aliweka tezo chini, akakaa kitako juu ya gogo.

"Usiniambie mimi peke yangu," alisema. "Nilimfukuza mbele ya watu."

Kesho yake mafundi walikusanyika, mwenye mashua akiwa ameegemea magongo, na mjomba akasimama mlangoni na mfuko wake wa zana. Chiriku alisema yote, tope, mpira na chaki. Kisha baba akamwomba shemeji yake radhi, akamsihi arudi kazini.

"Radhi nimeipokea," mjomba akajibu. "Kazi siipokei. Umenijua miaka ishirini, shemeji, na hukuniuliza mara ya pili."

Baba aliyainua mataruma mawili mapya, akayaingiza omo mwenyewe na kuyapigilia misumari, kisha akampa binti yake nyundo. Chiriku alitambaa ndani ya tope lilelile. Aligonga la kwanza, likajibu. Aligonga la pili, likajibu. Ndipo alipochora.

Alipotoka, mjomba alikuwa angali mlangoni.

"Siku ile nilikugonga kwa macho, mpwa wangu, ukanyamaza," alimwambia. "Mti ukinyamaza tunajua umeoza, na hatuulaumu, maana haukuchagua. Mtu huchagua. Leo umejibu, na deni la neno umelilipa. Zile siku tisa hazilipiki, wala sizidai."

Akatupa mfuko wake begani, akatoka.