Kushoto kwa Daba

Mahali pa mtu mmoja palikuwa pamechimbwa kwenye wali.

Waliokaa kuzunguka sinia walikuwa watatu tu, uani kwa akina Guèye, katika mtaa wa watu wa reli pale Thiès. Mama Nogaye aliketi penye kivuli cha ukuta. Mwanawe Medoune alikaa mkabala naye. Daba, mke wa Medoune, tumbo la mimba limemjaa hadi magotini, alikuwa akimega samaki na kumtupia kila mmoja kipande upande wake. Kila mtu alikula mbele yake, kama adabu inavyotaka. Kushoto kwa Daba palikuwa na mkeka mtupu, na jua.

Lakini upande ule wa sinia wali ulikuwa umekwisha. Umechotwa mpaka ukoko, mpaka bati likang'aa.

"We Medoune," mama yake alisema, "siku hizi unakula kwa mikono mingapi?"

"Mimi niko huku, mama. Mkono wangu haufiki huko."

"Basi ni paka."

"Paka anayekula muhogo na kabichi?" Daba alicheka. Kisha akaacha kucheka, akainua pua. "Mnasikia harufu?"

Ilikuwa harufu ya grisi kuukuu, ya makaa ya mawe, ya chuma kilicholala juani. Medoune aliinamisha uso, akaendelea kutafuna. Harufu ile alikuwa ameisikia jana yake, tena kwa karibu.

*

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na za sherehe za kuwapa watoto majina. Moyo wake ulikuwa kwingine. Baba yake marehemu aliendesha treni maisha yake yote, na Medoune alikua akilazwa na honi na kuamshwa na honi. Alitaka kuipiga picha yadi ya reli ikiwa kazini: mabehewa ya fosfeti yakigongana, vichwa vya treni vikikohoa moshi, mafundi wakiwa chini ya matumbo ya chuma, kabla mabanda ya zamani hayajavunjwa.

Kibali kilimtesa. Ofisi hii ilimtuma ile, ile ikamrudisha hii. Mkubwa yuko Dakar. Mkubwa yuko kikaoni. Andika barua upya, taja na namba ya kamera. Kilichomfungulia mwishowe ni utani.

"Jina la ukoo?" mlinzi wa lango kuu alimwuliza siku hiyo.

"Guèye."

"Lahaula! Mtumwa wangu, ulitoroka lini?"

Medoune alimtazama vizuri, akatabasamu. "Wewe ni Seck."

"Abdou Seck, bwana wako."

"Seck hawezi kuwa na mtumwa. Angeshamla, na kamba aliyomfungia."

Watu waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Guèye na Seck ni watani tangu enzi za mababu: hutukanana, hunyang'anyana, na mmoja akimwomba mwenzake jambo, kumnyima ni aibu. Abdou Seck aliichukua ile barua akaipeleka mwenyewe ndani, na jua halijazama ikarudi na muhuri. Kibali cha siku moja tu. Kofia ngumu kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani, na asiachane na msimamizi hata hatua.

Msimamizi alikuwa Thierno Bâ, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kesho yake walizunguka yadi asubuhi nzima, na Medoune alipiga picha kama mwenye kiu anavyokunywa. Walipoliona banda la mwisho, lile la vichwa vya zamani vya makaa, Thierno alisimama.

"Pale hatuingii."

"Kwa nini, kaka? Kibali kinasema yadi yote."

"Pale pana mwenyewe. Wazee wetu wakitaka kuingia humwaga maziwa ya mgando kizingitini, wakabisha hodi, wakangoja. Leo maziwa sina."

"Nina muhuri wa mkurugenzi."

"Mkurugenzi naye hubisha hodi," alisema Thierno, wala hakuwa anatania.

Mwadhini aliita adhuhuri. Thierno akamwonyesha jiwe chini ya mti, akamwambia aketi hapo asiondoke, akaenda kutawadha. Jua lilikuwa utosini, saa ile ambayo akina mama wa Thiès huwaita watoto ndani, kwa kuwa njia zina wapitaji wengine. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Ndani, mwanga ulishuka kupitia matundu ya bati ukalilalia mgongoni joka la chuma lililokufa, na Medoune hakuwahi kuona picha nzuri kama ile. Alijigusa mfukoni. Kibali kilikuwepo.

Alivuka kizingiti bila hodi.

"Nani amekuruhusu?"

Mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kile kichwa cha treni. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka, na kofia ilimfunika uso. Medoune alitoa karatasi, akainyoosha. Yule mtu hakuipokea.

"Hiyo ni ya kule," alisema. "Ya hapa iko wapi?"

Medoune aliirudisha karatasi mfukoni. Kisha akakumbuka ufunguo uliomfungulia lango kuu, akautia na hapa.

"Kwa roho mbaya hii, lazima wewe ni Seck! Nani mwingine hukaa kivulini akalinda kisicho chake?"

Halafu kicheko, kikiwa kimechelewa, kama mvuke unaotoka kwenye bomba lililopasuka.

"Unasema mimi ni Seck?"

"Kama si Seck ni nani?"

"Basi ni Seck," yule mtu alisema polepole, kama anayelivaa jina mfano wa shati na kuangalia kama mikono yake inamtosha. "Na wewe ni nani wangu?"

"Mtani wako, mlafi wewe! Niache nipige picha, halafu njoo kwangu ule mpaka ulambe sinia."

"Nikija nitaketi wapi?"

Medoune alikuwa ameshainua kamera. Alijibu jicho likiwa kwenye kioo, kama mtani anavyomjibu mtani, maneno ambayo watu wa pale husemezana kila siku na hakuna anayeyahesabu:

"Keti kushoto kwa mke wangu. Mke wangu ni wako, na kilicho chake ni chako. Mali ya mtani haina kufuli."

Aliposhusha kamera, ngazi ilikuwa tupu. Pale alipokaa yule mtu palikuwa na doa la grisi, bichi, linalong'aa.

*

Siku zilizofuata, upande ule wa sinia uliliwa kila mlo. Mama Nogaye alijaribu kusoma bismillahi kwa sauti, wali ukaisha. Akajaribu kusogeza mkeka. Shimo likahama, likabaki kushoto kwa Daba. Kisha likaanza kupanuka. Lilivuka mpaka likaingia upande wa Daba mwenyewe, na chakula kikawa kinamwishia mbele yake kabla hajapeleka mkono kinywani.

Daba alikonda. Mashavu yalibonyea, vidole vikawa vijiti, tumbo peke yake likabaki kubwa mbele yake. Mkunga aliligusa akakunja uso. Mtoto alikuwa hai, alisema, lakini mama akiendelea hivi hatakuwa na nguvu ya kumsukuma.

"Medoune," Daba alinong'ona jioni moja, wakati wa magharibi, mwanga ukiwa umebaki kidogo juu ya kuta, "kuna mtu ananiegemea."

"Nani?"

"Sijui. Kushoto. Ana joto kama jiko. Nikila ananitazama mdomoni."

Medoune aligeuza kichwa, kwa sababu wakati uleule alisikia, si kutoka yadi ya reli iliyokuwa mbali nyuma ya paa za majirani bali kutoka palepale mkekani, mkono mmoja tu kutoka kwenye goti la mkewe, pumzi ndefu ya mvuke ikitoka, ikakatika, ikatoka tena, na harufu ya makaa ikapanda ikajaa ua mzima mpaka kuku wakashuka walikolala wakasimama katikati ya mchanga bila sauti, vichwa vyao vyote vimeelekea upande mmoja, upande ule ambako hapakuwa na mtu.

Asubuhi alikimbia mpaka lango kuu la reli. Abdou Seck alimpokea kwa mdomo wake ule ule.

"Mtumwa amerudi mwenyewe! Leo sina hata..." Akauona uso wake. "Nani amekufa?"

Medoune alimweleza kwa kifupi. Abdou aliizima redio yake ya langoni.

"Umempa jina letu," alisema. "Guèye, umempa jini jina letu, na undugu juu yake. Hata mimi shangazi yangu hakunipa kirahisi hivyo. Twende kwake."

*

Shangazi Aïda Seck aliuza uji wa mtama karibu na stesheni, na watu walimfuata kwa dawa kuliko kwa uji. Aliingia uani kwa akina Guèye adhuhuri, wakati sinia linatua, akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando kwapani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kushoto kwa Daba akaketi kwa kishindo, kama mtu anayemkalia mwenzake mapajani.

"Sogea," alisema hewani. "Mwenye kiti amekuja."

Bati la sinia lililia, tiii, kama birika.

"Eti wewe ni Seck? Seck wa wapi? Nyanya yako nani? Aliolewa kwa nani? Nani alikukata kitovu?" Alingoja. "Huna jibu. Sisi akina Seck tunakula, ndiyo, dunia nzima inajua, hata huyu kitumwa wangu Guèye anajua. Lakini tunatafuna kwa kelele na tunashukuru tukishiba. Wewe unakula kimya kama mwizi. Vua jina langu!"

Mama Nogaye alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mchanga ulianza kutembea wenyewe kuzunguka mkeka.

"Medoune," Aïda alisema bila kugeuka, sauti sasa imeshuka, "kila neno ulilompa, lirudishe. Moja moja. Neno utakaloacha atabaki nalo. Nawe, Daba binti yangu, usiinue macho."

"Nilimwita Seck," Medoune alisema. "Nalirudisha."

Aïda alimwaga maziwa mchangani. Kishindo kikapita ukutani.

"Nilimwita mtani. Narudisha."

Maziwa. Lango la ua likajipiga.

"Nilimwambia aje kwangu ale mpaka alambe sinia. Narudisha."

Maziwa. Sinia likaruka likaanguka kifudifudi, wali ukamwagika, na upepo wa moto ukapita katikati yao ukawaangusha kuku.

"Endelea," alisema Aïda.

Medoune alifungua kinywa. Daba, ambaye alikatazwa kuinua macho, alikuwa ameyainua. Alikuwa akimtazama mumewe kwa yale macho makubwa ya mtu aliyekonda, akimtumaini kabisa, na Mama Nogaye naye alikuwa amefunua uso kusikiliza, na Abdou Seck alikuwa amesimama langoni na masikio yake. Angeyasemaje maneno yale mbele ya hao? Ni utani tu. Hakuna anayeyahesabu. Na upepo si umeshatoka?

"Ni hayo tu," alisema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, shangazi."

Aïda alikiinua kibuyu. Kibuyuni maziwa yalikuwa yamebaki, aliyatikisa yakasikika. Halafu akakiziba.

"Basi kwenye sinia hatakula tena," alisema.

*

Na kweli hakula. Kesho yake wali ulibaki mzima kushoto kwa Daba, na Mama Nogaye alilia kwa furaha kuuona. Mashavu ya Daba yalirudi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mapafu yake kama honi. Siku ya kumpa jina, Abdou Seck alikuja na ukoo mzima, akaiba paja la kondoo mbele ya wageni, akadai Guèye wamemzalia mtumwa mpya, na ua ukacheka mpaka kuta zikajibu. Medoune alitundika sebuleni ile picha ya banda, mwanga ukishuka kupitia bati. Watu waliisifu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kwenye ngazi pana doa.

Asubuhi moja, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, Daba alimwita chumbani. Aliita kwa kunong'ona, kama zamani.

"Mtoto amelala usiku kucha," alisema. "Huku, kulia kwangu. Hakuamka hata mara moja."

"Alhamdulillahi."

"Ziwa la kulia limejaa mpaka linauma." Alifunua kanga upande wa pili. "Mbona hili la kushoto limenyonywa?"

Ziwa la kushoto lilikuwa limelegea, tupu. Pembeni yake, juu ya ngozi, palikuwa na alama ya kidole gumba cha mtu mzima. Grisi, bichi, inayong'aa.

Medoune alipiga magoti. Kile kibali chake cha yadi, kilichokuwa bado mfukoni mwa koti mlangoni, kilikuwa cha siku moja. Alichokitoa yeye hakukiwekea mwisho.

"Daba," alisema, "kuna neno nililiacha."

Alilitamka: mke wangu ni wako, na kilicho chake ni chako. Akasema narudisha. Alisema tena, na tena, kwa sauti ya juu, mpaka mtoto akaamka akalia.

Maziwa ya kumwaga hayakuwepo. Kitandani, kushoto kwa Daba, godoro lilibonyea taratibu, kama linavyobonyea mtu mzito anapojiweka sawa, na kicheko kikatoka, kikiwa kimechelewa.