Dawa ya Ng'ombe Kwenye Mguu wa Weldon

Majirani, nyinyi mnaokamua alfajiri na kuchuma majani hadi viuno viume, nipeni masikio kidogo. Sina hamu ya kuwatisha. Habari hii nimekwisha kuisimulia kanisani na kwenye kituo cha kupimia majani, na kila mara watu hutikisa vichwa, kisha wiki inayofuata mtu mwingine anafanya yale yale. Basi nitaisimulia tena, ingawa imenichosha.

Boma la Esnah na mumewe Weldon, hapa Mogogosiek, lilikuwa limetulia. Walikuwa na michai ekari moja na nusu, ng'ombe watatu wa maziwa, na binti yao Chepkemoi alisoma shule ya bweni. Kubwa zaidi, Weldon alikuwa ameacha pombe. Kwa miaka kumi Esnah alikuwa amemwokota mumewe mitaroni, akamvua viatu vyenye matope, akamfunika. Kisha Weldon akaokoka, na kwa miaka miwili hakuonja hata tone la busaa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila mumewe alipochelewa, Esnah aliketi akiwaza mabaya.

Julai hiyo, wakati wa kupogoa michai, panga liliteleza likamkata Weldon kwenye muundi.

"Twende zahanati wakushone," Esnah alisema.

"Kwa hiki tu? Ng'ombe akipasuka chuchu huwa tunampeleka zahanati gani?"

Akaenda zizini, akachomoa kwenye mwamba wa paa kibomba cha dawa ya kiwele, ile anayotiwa ng'ombe chuchuni kiwele kinapovimba. Kilikuwa kimebaki nusu, ncha yake imeshika vumbi na kinyesi. Akakikamulia chote ndani ya kidonda, akafunga kitambaa. Msicheke. Ni wangapi hapa hawajawahi kufanya hivyo? Tunasema dawa ni dawa, na kilichomponya ng'ombe wa lita ishirini hakiwezi kumshinda binadamu.

Baada ya siku tatu kidonda kilikuwa kimefunga juu, na Weldon akajisifu. Chini ya ngozi usaha ulikuwa ukijikusanya.

Siku ya tano aliamka akitetemeka. Alisema ni baridi ya Julai. Mguu ulimuuma kuliko ulivyoonekana kwa macho, lakini alijikaza kiume akaenda kukamua. Esnah alitangulia shambani kwa sababu lori la majani halimngoji mtu.

Saa nne alirudi nyumbani kunywa chai. Alikuta maziwa yamemwagika, na Weldon ameketi kwenye matope ya zizi, akimwita ndama kwa jina la marehemu mama yake. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Baba Chepkemoi! Umerudia?"

"Mama amesema... aleteni moto. Mwambie alete moto."

Miaka kumi ikamrudia Esnah kwa mara moja. Hakumkaribia wala hakumgusa. Aliyaona macho yale yasiyoshika kitu, akaamini anayajua.

"Lala hapo na ng'ombe zako," alisema. "Mimi sikubebi tena. Nimechoka, Weldon. Nimechoka!"

Akarudi shambani akichuma na kulia. Nawaomba msimhukumu haraka. Alikuwa amechoka kweli, na mtu aliyechoka huona kile alichozoea kukiona.

Saa tisa, kwenye foleni ya kupima majani, alikutana na jirani yake Jerusa, mama mwenye asili ya kule ziwani aliyeajiriwa na kiwanda kuchuma majani.

"Mama Chepkemoi, mbona uso umekuwa hivyo?"

"Ni huyu mzee. Amerudia pombe. Nimemwacha anaongea na ndama."

"Ananuka?"

"Sijui. Sikusogea."

"Na ule mguu alikatwa na panga, ulipona?"

"Ulifunga. Lakini asubuhi alikuwa anatetemeka, akasema ni baridi."

Jerusa aliweka kikapu chake chini. "Sikia, dada. Nilipomzaa Seth nilitetemeka hivyo hivyo. Nikaanza kuongea upuzi, mama mkwe akasema ni mapepo. Waliniombea siku mbili nzima! Nilikuja kuamka ICU. Mpaka leo nikipanda huu mlima napumzika mara nne. Acha hayo majani twende."

"Sijapimiwa."

"Acha, nimesema!"

Walimkuta pale pale. Alikuwa akihema mbiombio, mikono baridi, midomo imebadilika rangi. Jerusa aliinama karibu na kinywa chake.

"Huyu hajakunywa kitu," alisema.

Esnah alifungua kitambaa. Mguu ulikuwa umevimba ukang'aa, na weusi umepanda kuelekea gotini. Alipiga ukemi mmoja uliomtoa Zack, jirani mwenye pikapu ya kubeba maziwa, na pamoja wakampakia Weldon wakaondoka.

Hospitalini daktari hakupoteza muda. Huku wauguzi wakimtundikia maji na dawa, alimweleza Esnah kwamba ni sepsisi: maambukizi ya kidonda yameuchokoza mwili, nao katika kupigana unajiharibu wenyewe, figo, mapafu, kila kitu.

"Alianza kuchanganyikiwa saa ngapi?"

"Saa nne."

Daktari alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja. Akarudi kwa mgonjwa, na Esnah akatamani angemgombeza.

Weldon hakufa. Walimkata mguu chini ya goti, na figo zilichukua wiki nyingi kuamka. Leo yuko nyumbani. Akifika langoni anahema, na wakati mwingine husahau majina ya watu aliosoma nao. Esnah huchuma peke yake.

Siri ilimtafuna hadi mchana mmoja akaitoa.

"Siku ile nilikukuta zizini saa nne. Nikafikiri umekunywa. Nikakuacha."

Weldon aliuliza, "Hukuninusa?"

"Hapana."

"Mimi ndiye nilikufundisha hivyo," alisema. "Miaka kumi nilikufundisha." Esnah alidhani amemaliza. Kisha Weldon akageukia ukuta. "Lakini saa saba nzima mpaka nifike kwa daktari, Esnah. Saa saba."

Mpaka leo hawajalizungumza tena.

FUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dawa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kikiwa kirefu, kikashonwe. Kufunga juu si kupona.

Mtu mwenye kidonda, aliyejifungua juzi, au mwenye homa yoyote, akianza kutetemeka, kuhema haraka, kutokojoa, kuumwa kupita kiasi au kuongea maneno yasiyoeleweka, msiseme ni pombe, msiseme ni mapepo, msingoje lori lije. Maombi ni mema, nanyi mnaweza kuomba mkiwa njiani. Mkifika, mwulizeni daktari bila haya: "Hii inaweza kuwa sepsisi?" Akiwaambia siyo, mtarudi nyumbani mmepoteza siku moja ya kuchuma. Esnah angeitoa siku hiyo mara mia.